Barua ya wazi kwa Madiwani wa Mwanza na Ilemela: mitaro izolewe kabla ya vuli

Waheshimiwa Madiwani,

Ombi langu kwenu ni moja, na nalileta mapema makusudi: mitaro yote inayoteremsha maji Ziwa Victoria kutoka kata za Nyamagana na Ilemela izolewe, na taka zake zifikishwe dampo, kabla Septemba haijaisha. Kazi hiyo iwe na fungu lake kwenye bajeti na iwe na mtu wa kuulizwa ikikwama. Mengi nitakayoandika hapa ni sababu za ombi hilo. Mengine ni mambo yanayopaswa kufuata baadaye, kwa sababu kuzoa mitaro peke yake hakutaliokoa ziwa.

Nianzie Mabatini. Mvua ya kwanza ya vuli ikipiga vilimani, maji huchukua dakika chache tu kufika Mto Mirongo, maana huku juu ni miamba, mabati na sakafu za saruji, hayana pa kuzama. Simameni darajani myatazame. Yanayotangulia ni meusi na mazito, yana povu la sabuni na utando wa oili unaometameta, na yanasukuma mbele yake chupa za soda, pampasi, ndala zilizokatika, maganda ya miwa na mizoga ya panya. Harufu yake ni ya choo. Baada ya muda rangi hubadilika ikawa ya udongo na mchanga, na taka zikapungua. Mvua ikiendelea hadi jioni, maji ya jioni huwa na nafuu kubwa kuliko yale ya mwanzo.

Wataalamu wa maji ya mvua mijini wanaijua tabia hii vizuri, na haiko Mwanza peke yake. Miezi ya kiangazi, tangu Juni hivi, uchafu unalala pale ulipoanguka. Oili ya gereji inanyweshwa ardhi ya Nyakato, majivu ya jiko yanamwagwa nyuma ya nyumba, kinyesi cha mbuzi kinakauka njiani, maji ya kuoshea dagaa yanaganda mtaroni, vumbi la matairi na breki linatulia pembeni mwa lami. Hakuna kinachokwenda popote mpaka mvua inyeshe. Ikinyesha, mvua hiyo ya kwanza inakuwa kama maji ya kwanza ya kusuuzia sufuria: karibu kila kilichogandamana kinatoka nayo, na yanayofuata yanakuta kazi imekwisha.

Ndiyo maana nimetaja tarehe. Mtaro ukizolewa Novemba, baada ya nyumba kuingiliwa na maji na watu kulalamika redioni, tunakuwa tumewaondolea wakazi mafuriko yajayo, na hilo ni jema, lakini ziwa limeshapokea mzigo wake. Uchafu wa miezi minne uko Ghuba ya Mwanza tayari. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na vuli huanza Oktoba. Kati yake iko robo moja kamili, na naomba muitambue rasmi kuwa robo ya mitaro. Kazi ileile irudiwe Februari, kabla ya masika.

Najua kuna wanaosema ziwa hili ni kubwa mno lisidhurike na mtaro wa mtaani. Kwa eneo ni kweli ni kubwa: kilomita za mraba 68,800 hivi, la pili duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Kina chake ndicho kinachotudanganya. Wastani ni mita 40 tu, na penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo. Ziwa Tanganyika linazidi mita 1,400. Tena maji yetu hayaendi moja kwa moja katikati ya ziwa. Yanaingia kwenye ghuba, mkono mwembamba wa maji unaoingia nchi kavu kwa kilomita 60 hivi, na wembamba wake umekuwa dhahiri kwa kila mtu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipoukatiza kwa kilomita 3 na ushee. Mto pekee unaotoa maji ziwani unaanzia Jinja, Uganda, upande wa pili kabisa. Tunachokimwaga hapa kinakaa hapahapa muda mrefu.

Na hapahapa ndipo tunapochota. Chanzo cha Capripoint kiko ndani ya mji, cha Butimba kiko kusini kidogo, na vyote viwili vinavuta maji ya ghuba hii. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja kwa sensa ya 2022, ukiunganisha Nyamagana na Ilemela, unategemea mabomba hayo. Maji machafu husafishika, sikatai. Tope likizidi, shabu inazidi. Vijidudu vikizidi, klorini inazidi. Mwani ukizidi, vichujio vinaziba na kuoshwa mara nyingi zaidi. Gharama hizo zote hatimaye hulipwa na mtumiaji wa maji. Tunalipia kuchafua, kisha tunalipia kusafisha.

Halafu kuna wasiosubiri bomba. Nendeni mwalo wowote asubuhi mkaone kina mama wanaofua, watoto wanaooga kabla ya shule, wavuvi waliozama hadi kiunoni wakivuta mtumbwi. Hao wanakutana na maji ya mtaro yakiwa mabichi. Mkoa wetu unafahamika kwa kichocho, na njia yake ni fupi: mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi au mkojo wa mgonjwa, yakifika majini yanaanguliwa, vijana wake wanamwingia konokono wa pembezoni mwa ziwa, na wakitoka humo wanapenya ngozi ya mtu yeyote aliyemo majini. Shuleni tunawapa watoto dawa, na inasaidia sana. Ila mtoto aliyemeza dawa asubuhi akarudi kuoga mchana pale mtaro unapomwaga, anaweza kuambukizwa upya.

Lipo dhara jingine lisiloonekana upesi. Kinyesi, sabuni, majivu na udongo vina fosforasi na naitrojeni, virutubisho vilevile tunavyonunua kwenye mfuko wa mbolea ya mahindi. Ziwani vinastawisha mwani. Mwani unageuza maji kuwa ya kijani, unakufa, unazama, unaoza, na kuoza kwake kunakula hewa ambayo samaki wanaihitaji. Magugu maji yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikuta chakula hicho kimeandaliwa, ndiyo maana yalitamba vile. Kuna utafiti uliofanywa upande huu wa kusini mwa ziwa, Ghuba ya Mwanza ikiwemo, ambao natamani kila diwani aujue. Mwaka 1997, Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza katika jarida la Science kwamba jike wa furu, samaki wadogo wa ziwa hili, huchagua dume kwa rangi yake. Maji yakiwa na ukungu, rangi hazionekani vizuri, jike anashindwa kutofautisha, na jamii za furu zinachanganyika na kupungua. Wengi tunajua habari ya sangara kuwala furu. Wachache tunajua kwamba maji machafu nayo yamewafuta.

Haki inanitaka niseme jambo moja ambalo linaweza kutumiwa dhidi yangu. Sehemu kubwa ya fosforasi ya Ziwa Victoria haitoki mitaroni mwa Mwanza. Nyingine hudondoka kutoka angani, kwenye vumbi na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, na nyingine huja na mito kama Kagera na Simiyu, ikiwa imebeba udongo wa mashambani. Halmashauri mbili haziwezi kuuzuia moshi wa nchi tano. Lakini mita mia chache za kwanza kutoka ufukweni, pale tunapochota, tunapooga na sato wanapotagia, zinaathirika zaidi na kilichotoka mitaani mwetu. Hapo hatuna wa kumnyooshea kidole, na hapo ndipo mna mamlaka.

Sasa nije kwenye vyoo, maana ndiko tatizo liliko zaidi, na ndiko tunakoona aibu kuzungumza.

Kila mkazi wa vilimani anajua maana ya kutapisha choo. Mvua kubwa ikianza, hasa usiku, mwenye nyumba anazibua tundu lililoko ubavuni mwa shimo la choo, na yaliyomo yanateremka na maji ya mvua kupitia ua wa jirani, kichochoro, ngazi za mawe, hadi mtaroni. Asubuhi kunabaki michirizi na nzi. Anayefanya hivyo anajua ni kosa, na anayekaa chini yake anajua ni nani. Maofisa afya wa kata wamewahi kuwapiga watu faini kwa ajili hiyo, na wataendelea. Faini ni halali. Lakini nawaomba mtembee wenyewe kutoka barabara ya lami hadi nyumba ya juu kabisa kwenye mojawapo ya vilima vyetu, kisha mniambie gari la majitaka lingepita wapi. Hakuna njia. Pana mawe makubwa kuliko nyumba, na kati ya jiwe na jiwe pana ngazi ambayo hata bodaboda haipandi. Kuchimba shimo jipya nako hakuwezekani, kwa sababu mita moja chini ni mwamba mtupu. Mama mwenye wapangaji wanane na choo kimoja kilichojaa, asiyefikiwa na gari, asiyeweza kuchimba, amebakiwa na mvua.

Jibu lake lipo, na limeshajaribiwa hapahapa Mwanza. Kwenye baadhi ya vilima vya jiji umejengwa mfumo rahisi wa majitaka: mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na nyumba, yakifuata mteremko wenyewe, yanapokea majitaka ya kaya na kuyashusha hadi bomba kubwa. Hayahitaji barabara, na hayachimbiwi kina kirefu. Mteremko uleule unaoteremsha uchafu mitaroni ndio unaoyafanya yafanye kazi bila pampu. Mfumo huo ukifika mtaani, mwenye nyumba anapata pa kupeleka majitaka yake siku zote, na hana tena sababu ya kungojea mvua ya usiku. Ninachoomba ni kwamba madiwani wa kata za vilimani mdai mpango wenye tarehe wa kuusambaza mfumo huu, kata baada ya kata, na kwamba gharama ya kaya kujiunga ilipwe kidogo kidogo kupitia ankara ya maji badala ya kudaiwa mara moja. Mabomba yasipofika kote leo, basi halmashauri ziviwezeshe vikundi vya vijana kunyonya vyoo kwa pampu ndogo na kushusha majitaka kwa mapipa hadi mahali gari linapofika, kwa bei ambayo mama yule ataimudu. Baada ya hapo, faini itakuwa na haki yake kamili.

Kuhusu taka ngumu sitarefusha. Gari la taka lisipopita wiki mbili, mtaro unageuzwa kizimba. Wanaosema wananchi hawabadiliki wakumbuke Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchi nzima. Mifuko ile ilikuwa inaziba kila kalavati la mji huu, na imepungua kwa kiasi ambacho mtoto wa darasa la kwanza leo hawezi kukiamini. Uamuzi mmoja wa serikali uliondoa kitu mtaroni. Jambo ninaloomba lisimamiwe hasa ni hili: tope na taka zinazotolewa mtaroni zisirundikwe ukingoni. Mara nyingi katika miji yetu vijana wanashinda juani wakizoa mtaro, rundo linaachwa pembeni likauke, gari haliji, na mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Jasho lile na pesa ile vimepotea. Mkataba wa kuzoa uhesabiwe umekamilika pale mzigo unapopimwa dampo Buhongwa, na malipo yafuate hapo.

Naomba pia tutazame upya namna tunavyojenga mitaro yenyewe. Kila barabara mpya inakuja na mtaro mpana zaidi, wa zege tupu, ulionyooka, na tunaufurahia kwa sababu unaondoa maji haraka mbele ya duka. Haraka hiyo ndiyo inayoyafikisha ziwani na kila kitu chake. Maji yakienda polepole huacha mzigo njiani: mchanga unatua, na fosforasi iliyoshikamana na udongo inatua nao. Kabla mtaro haujaingia ziwani unaweza kupitishwa kwenye bwawa dogo la kutulizia maji, lenye matete, lenye nondo za kuzuia chupa mlangoni, linalofukuliwa kila mwaka kabla ya vuli. Eneo halihitaji kuwa kubwa ili lisaidie. Juu vilimani, kila shule na kila zahanati yenye paa kubwa ikivuna maji ya mvua kwenye tangi, hayo ni maji yasiyoteremka mtaroni, na shule inapata ya kudekia.

Mafunjo na matete ya ufukweni yamekuwa yakichuja maji haya tangu kabla ya mji kuwepo. Kila tunapofukia kipande cha ardhi oevu ili pajengwe ukumbi, yadi au nyumba ya kifahari inayotazama ziwa, tunaondoa kichujio ambacho hatukukigharamia na ambacho hatutaweza kukijenga upya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Vibali vya ujenzi vinapita mikononi mwa halmashauri zenu. Nawasihi msipitishe hata kimoja kinachokiuka kifungu hicho, awe mwombaji ni nani. Mwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma amekuwa akiondolewa ufukweni kwa kutumia sheria hiyohiyo. Basi imguse pia mwenye uwezo wa kumwaga malori ya kifusi.

Ugumu mkubwa, nadhani, ni kwamba mtaro mmoja una wenyewe wengi. Barabara za mitaa na mitaro yake ni za TARURA, barabara kuu ni za TANROADS, taka ngumu ni za halmashauri, majitaka ni ya MWAUWASA, mto na ziwa vinasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na mazingira kwa jumla yana NEMC. Sina ugomvi na ofisi yoyote kati ya hizo, na nimekutana na watumishi wao wanaoipenda kazi yao. Lakini mkazi akiona mtaro umeziba hajui abishe hodi wapi. Liandikwe daftari moja la mitaro kwa Mwanza na Ilemela. Kila mtaro utajwe unaanzia wapi na unaishia wapi ziwani, nani anauzoa, ulizolewa lini mara ya mwisho. Ukurasa wa kila kata ubandikwe ofisi ya mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa wausome kwenye mikutano yao. Mkurugenzi aitishe ofisi hizo zote meza moja kila robo, nanyi mletewe taarifa.

Na maji yapimwe. Mwanza haina upungufu wa wataalamu: watafiti wa uvuvi wa TAFIRI wapo, watafiti wa tiba wa NIMR wapo, maabara za maji zipo. Sampuli ichukuliwe pale Mirongo inapoingia ziwani, ndani ya saa ya kwanza ya mvua ya kwanza ya vuli, nyingine ichukuliwe kiangazi, na matokeo yatangazwe kwa lugha ambayo mama lishe na mvuvi wa Mwaloni wataielewa: hapa paogewe, hapa pasiogewe. Mwaka unaofuata tupime tena pale pale. Tutajua kama fedha mlizoidhinisha zimefanya kazi, na hakuna atakayehitaji kubishana.

Kwa upande wetu sisi wakazi, nimezungumza na majirani wa mtaa wetu. Tumekubaliana kila nyumba isafishe kipande cha mtaro kinachopita mbele yake Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wa kiangazi, na mafundi wa gereji mbili za jirani wamekubali kuhifadhi oili chafu kwenye pipa badala ya kuimwaga chini. Tunahitaji gari la kubebea tulichokizoa siku hiyohiyo, na mtu wa kulichukua pipa likijaa. Hayo mawili yako nje ya uwezo wetu.

Naomba barua hii iingizwe kwenye ajenda za kikao chenu cha robo ya kwanza. Vikao vya baraza ni vya wazi, nasi tutakuja kuketi nyuma na kusikiliza mtaro wa kata yetu umepangiwa tarehe gani.

Wenu katika ujenzi wa jiji letu,

Mkazi wa Mabatini, Mwanza